Jiwe la Baraka na Mtu wa Ubwari

Mimi sipendi kuulizwa juu ya lile jiwe. Watu wakinikalisha na kuniambia, "Mama, we ulikuwepo siku ile walilifungua, tueleze," nawajibu ukweli: nilikuwepo, niliona kwa macho yangu mawili, na sikuelewa kitu. Wanacheka. Wanafikiri ni uzee. Uzee gani? Nilikuwa na miaka kama kumi na mmoja, kichwa changu kilikuwa chepesi kuliko vya hao wanaocheka, na bado sikuelewa. Basi nikijichanganya mahali, mnivumilie. Mambo yenyewe yalikuwa yamejipinda tangu zamani, kabla sijazaliwa.

Lilikuwa jiwe la wapagazi. Lilijengwa Baraka, pale njia inapotoka sokoni na kushika kwenda Fizi. Lilimfika baba kifuani, mawe ya ziwa yaliyoshikwa kwa simenti, na mbele yake kibao cha shaba chenye maandishi. Leta ndiyo iliyolijenga. Leta ndivyo tulivyoiita serikali ya Wabelgiji. Ililijenga miaka ile ya hamsini, ili kuwakumbuka wanaume wa kwetu waliobebeshwa mizigo katika vita vya kwanza, wakati Wabelgiji walipokwenda kupigana na Wadachi ng'ambo ya ziwa. Walibeba mizigo hiyo mpaka Tabora, na wengi hawakurudi.

Lakini siwezi kusema habari za jiwe kabla sijasema habari za Ubwari.

Ukisimama kwetu, nyuma ya nyumba, ulikuwa unaona maji ya ghuba, halafu ng'ambo unaona Ubwari, ule mlima mrefu uliolala ndani ya ziwa. Nilipokuwa mdogo nilijua kitu kimoja kwa hakika: koko yangu mwanaume anaishi kule. Koko ni neno letu la bibi, na babu tunamwita koko mwanaume. Koko wangu wa kike, mama yake baba, nililala naye kitanda kimoja tangu nilipoachishwa ziwa. Nikimuuliza, "Koko, bwana yako iko wapi?" alinijibu bila hata kuinua kichwa kwenye mihogo aliyokuwa anamenya: "Iko Ubwari, anavua samaki."

"Atarudia lini?"

"Samaki wakiisha."

Mimi nilikubali. Kwa nini nisikubali? Mitumbwi ilikuja kutoka Ubwari kila siku ya soko, imejaa samaki, ndagala na mikeke, na mimi nilikimbia ufukweni kuwauliza wavuvi: "Mumeacha koko yangu mwanaume?" Na wao walinijibu! "Tumemuacha, iko muzima, anakusalimia." Mmoja wao, mtu mmoja mwenye jino moja mbele, alinipa samaki na kuniambia, "Shika, hii ametuma koko yako." Nilimpelekea koko yule samaki mbio mbio. Alimwangalia samaki, akaniangalia mimi, akasema, "Haya, muke mwenzangu, mupike." Alizoea kuniita hivyo, muke mwenzangu, kwa utani wa koko na mjukuu, maana mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Tukamla samaki wa mume wetu. Sijui wale wavuvi walikuwa wanacheza na mtoto au nao walikuwa wameambiwa. Nimelifikiria hilo miaka mingi na sijapata jibu.

Kitu kingine nilichokijua ni kwamba koko alikuwa anataka kunyolewa. Hilo hakulificha. Alilisema kila mara alipoamka na kifua chake kinakohoa, na miguu yake ilipoanza kuvimba alilisema zaidi. Alikuwa na nywele nyingi, nyeupe, amezifunga katika kitambaa, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuzigusa kwa wembe. Ya kwetu yalikuwa hivi: mume akifa, dada yake anamnyoa mjane, anampeleka ziwani kumwosha, na matanga yamekwisha. Mjane aliyenyolewa ni mtu wa pale kwa mume, akifa anazikwa pale, pamoja na watoto wake. Asiyenyolewa, siku ya kufa wanamfunga katika mkeka na kumrudisha kwa ndugu zake. Na ndugu zake koko walikuwa juu milimani, njia ya kwenda Minembwe, watu ambao hakuwaona tangu alipoolewa, wengi wao wamekwisha kufa. "Batanizika na ngombe ya batu," alikuwa anasema. "Mutoto wangu mumoja iko hapa, na mimi nitalala kule na ngombe." Akisema hivyo machozi yalimtoka, nami nililia pamoja naye, bila kujiuliza swali ambalo hata kipofu angejiuliza: kama mume wake anavua samaki Ubwari, huyu mama ni mjane wa nani?

Sikujiuliza! Ndiyo ninayosema. Mtoto anaweza kubeba vitu viwili visivyopatana, kimoja kila mkono, na asisikie uzito.

Wa kumnyoa alikuwa mtu mmoja tu aliyebaki, wifi yake, dada wa koko mwanaume. Aliishi Lweba, mwembamba, mkali, hajui kucheka. Kila mwaka koko alimtumia ujumbe: njoo uninyoe. Na kila mwaka jibu lilirudi lile lile: nionyeshe mahali kaka yangu alilala. Mwalimu wa msikiti alikuwa amemwambia koko kuwa miaka imepita mingi, mambo yamekwisha. Padri naye alimwambia maneno ya namna hiyo, maana ukoo wetu ulikuwa nusu msikitini nusu misheni, na koko alikuwa na mguu pande zote mbili. Lakini mwalimu hana wembe wa matanga, wala padri hana. Alikuwa nao yule mama wa Lweba peke yake.

Sasa, karani.

Alikuja asubuhi, karani wa shefu, chifu wetu, na kitabu kikubwa kwapani na kalamu ya wino mfukoni. Mimi nilikuwa napepeta unga. Koko alikuwa ameketi mlangoni na miguu yake ameinyoosha juani. Karani akasalimu, akapewa kiti, akafungua kitabu. Akasema Leta inatafuta majina ya watu waliokwenda kubeba mizigo katika vita vya zamani na hawakurudi. Inataka kuyaandika.

"Kuyaandika juu ya nini?" koko akauliza.

"Juu ya jiwe."

"Jiwe ya nini?"

"Ya kuwakumbuka, mama."

Koko akamtazama yule kijana kwa muda. Mimi nilimjua koko. Nilijua uso ule. Ndio aliomwekea mtu wa sokoni aliyepima mafuta ya mawese kwa chupa yenye kitako kinene. "Leta itakumbuka bapagazi," akasema pole pole. "Leta. Ile ya kutulimisha pamba."

"Ndiyo, mama. Bwana yako alikwenda?"

"Alikwenda, akarudia."

"Iko wapi?"

"Iko Ubwari, anavua samaki."

Karani akaangalia ng'ambo ya maji, kama anayetaka kumwona. "Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Mama, mi naambiwa kwamba..."

"We unaambiwa na nani? Andika! Iko Ubwari. Anavua. Uko na kalamu, andika."

Karani akaandika. Nilimwona akiandika, na nilifurahi, maana hata mimi nilikuwa nimesema jambo hilo hilo kwa wenzangu wa shule mara nyingi, na sasa limeingia katika kitabu cha Leta. Karani alipoondoka, koko alitema mate nje ya mlango. Jirani zetu nao karani aliwapitia. Mmoja alimwambia mume wake amehamia Uvira. Mwingine alisema hakuwahi kuwa na mume. Yule alikuwa na watoto watatu!

Miezi ikapita na kweli wakalijenga. Siku ya kulifungua bwana administrata, Mbelgiji mkuu wa wilaya, alishuka kutoka Fizi kwa motokari, akiwa amevaa nguo nyeupe, na askari wenye bunduki, na mmoja mwenye tarumbeta. Shefu alikuwepo na nishani yake. Sisi wa shule tulipangwa mstari. Jiwe lilikuwa limefunikwa bendera kutoka juu mpaka chini, na hapo ndipo vurugu ilipoanzia. Watu wa kwetu waliona nini? Kitu kimesimama, kimefunikwa nguo. Wakubwa wamevua kofia. Tarumbeta inalia kwa huzuni. Halafu askari wakaelekeza bunduki juu na kupiga: pa! Mama mmoja nyuma akapiga ukelele wa msiba, wa pili akapokea, na kabla hujapepesa jicho bamama wote wa Baraka walikuwa wameshika vichwa, wengine wako chini mchangani. Yowe hilo! Administrata aligeuka, uso mwekundu. Karani akakimbia huku na huku akipunga mikono.

"Nyamazeni! Hii hapana kilio!"

"Basi ni nini?" mzee mmoja akamuuliza.

"Ni ukumbusho!"

"Ya nani?"

"Ya batu benye walikufa."

"Basi ni kilio!"

Mimi mpaka leo naona mzee yule alikuwa sahihi. Wakatuimbisha wimbo, wakatoa bendera, administrata akasema maneno ya Kifaransa na shefu akayageuza kwa Kiswahili kifupi sana: Leta inasema aksanti. Wakapanda motokari wakarudi Fizi. Sisi tukabaki na jiwe. Hakuna aliyetuambia linatumiwaje. Wengine walilisalimia wakipita. Wengine waliogopa kulikanyagia kivuli. Baada ya juma mbili mtu alikuwa amefunga mbuzi wake pale, na bamama wa mihogo waligundua kwamba ile simenti ya chini, bapa, yenye joto, inakausha vizuri kuliko mkeka.

Siku ile ile ya kulifungua, watu walipotawanyika, koko alinishika mkono. Alikuwa hajapiga ukelele pamoja na wengine. Nililiona hilo na lilinishangaza. "Twende," akasema. Tukasimama mbele ya kibao. Juu kulikuwa na maneno ya Kifaransa, makubwa. Chini yake majina. Nikayahesabu: tisa. Majina tisa, kwa nchi nzima ile! Wazee walisema wanaume waliondoka mpaka vijiji vikabaki na kuku na bamama, na jiwe lilikuwa na tisa.

"Soma," koko akasema.

Nikasoma. Sitayaandika hapa, yana wenyewe. Nilisoma kwa sauti, kidole kinafuata, nimejivuna kama jogoo, maana katika nyumba yetu mimi peke yangu nilijua kusoma. Nilipomaliza la tisa koko akangoja. "Endelea."

"Yamekwisha, koko."

"Angalia nyuma."

Nikazunguka jiwe. Nyuma kulikuwa na simenti tupu. "Hakuna kitu."

Akaketi chini, pale pale, kwa uzito, mpaka nikadhani ameanguka. "Jina yake hapana iko," akasema. "Bamemuacha. Bamemuacha tena." Na hapo ndipo alipolia, yeye aliyekuwa amenyamaza wakati wenzake wote wanalia.

"Jina ya nani?"

"Ya bwana yangu! Ya nani tena?"

"Koko," nikasema, na nilisema kwa upole kwa sababu nilifikiri jua limempiga, "koko mwanaume iko Ubwari."

Akaniangalia. "Nani alikuambia?"

"Wewe!"

"Mimi nilimwambia karani."

"Na mimi uliniambia! Kila siku! Samaki wakiisha!"

Akapangusa uso kwa ncha ya kitambaa. "Wewe uko na mudomo," akasema. "Mutoto anasema kila kitu. Ningekuambia nini?"

Nilikasirika mpaka masikio yakaniuma. Sijawahi kumkasirikia mtu vile, na yeye ndiye niliyempenda kuliko wote. Lakini alinivuta nikae naye pale kwenye simenti, akanieleza. Alikuwa ameolewa, ana mimba ya kumzaa baba, walipokuja kuchukua watu. Mume wake akafungwa kamba na wenzake, akapewa mzigo. Baadaye sana mtu mmoja wa kwetu alirudi, miguu imevimba, akasimama mlangoni, akakataa kuketi. Akasema yule mwenzake alishikwa na kuhara damu njiani, ng'ambo. "Nilimuacha ameegemea muzigo yake. Aliniambia: tangulia, nitafika." Basi. Hakuna aliyemwona akifa. Na miaka ile mpagazi asiyerudi Leta ilisema ametoroka, na askari walikuja kuchukua ndugu yake, na kama ndugu hayuko, walimfunga mke mpaka mume atokee. Kwa hiyo nyumba yote ilipatana: tukiulizwa, amerudi, amefunguliwa, iko Ubwari. Kwa nini Ubwari? Kwa sababu askari wale walikuwa watu wa mbali na waliogopa mtumbwi. Walitazama yale maji, wakatazama ule mlima, wakasema sawa.

"Na sasa?" nikauliza. "Vita imeisha zamani. Karani alisema ni ya jiwe."

"Karani alikuwa na kitabu," koko akasema. Kwake hilo lilikuwa jibu kamili. Mtu mwenye kitabu anauliza habari za mume wako: mdomo unajibu wenyewe. Ndivyo alivyompoteza. Miaka yote wifi yake alimdai mahali, na mahali penyewe palikuja mlangoni na kalamu mfukoni, naye akapafukuza.

Niliwaambia sikuelewa. Nilielewa maneno. Lakini kesho yake niliamka, nikaenda nyuma ya nyumba, nikatazama Ubwari, na mtu wangu alikuwa bado yuko kule, anavua. Sikuweza kumtoa. Siku ya soko sikushuka ufukweni, na yule mwenye jino moja aliniona mbali, akaniita, "Ee, mutoto! Koko yako anauliza juu ya nini hukuji!" Nilikimbia nikajificha jikoni.

Koko naye alikuwa na shauri lake. Akamtuma baba Lweba na ujumbe: wifi, mahali pamepatikana. Leta imemjengea kaburi na jina lake. Njoo na wembe. Mimi nilisikia akisema hivyo, nikamshika nguo.

"Koko, jina haliko."

"Wifi yangu anajua kusoma?"

"Hapana."

"Mimi najua?"

"Hapana."

"Basi iko wewe. Wewe unasoma. Umuweke."

Masista shuleni walikuwa wametufundisha kwamba uwongo ni dhambi, na mbaya zaidi kwangu, walikuwa wametufundisha kwamba herufi haidanganyi: ba ni ba, hata ukilia. Na sasa koko ananiambia nimweke mtu mahali ambapo hayupo. Lakini nikikataa watamfunga katika mkeka na kumpeleka kwa ng'ombe. Siku tatu sikula vizuri. Nilimwuliza baba. Baba, ambaye hakuwahi kumwona baba yake, alikuwa anashona wavu. Akakata uzi kwa meno, akasema, "Fanya vile koko anasema." Halafu akasema, "Mimi sijui."

Mama wa Lweba alifika siku isiyo ya soko, kwa miguu, ameanza alfajiri, na wembe umefungwa katika kitambaa cheusi kiunoni. Hakutaka maji wala chakula. "Kwanza nione." Tukaenda watatu, koko anaburuta miguu yake, mimi katikati. Jua lilikuwa kali. Tulimfungua mbuzi wa watu, tukamfukuza. Yule mama akasimama mbele ya kibao, akakipitisha kiganja chake, akasema, "Soma."

Nikasoma yale tisa. Baada ya la tisa nikavuta pumzi na nikasema la kumi, jina la koko mwanaume, kidole changu kiko kwenye msumari wa kibao, maana hakukuwa na herufi nyingine ya kushika. Koko akapiga makofi mara moja, akasema, "Unasikia, wifi?"

"Nasikia. Soma tena."

Sikuwa nimetazamia mara ya pili. Nikaanza upya, nikayapata matano, nikaogopa kwamba nitasahau, nikamtaja palepale, baada ya la tano, kisha nikamaliza manne yaliyobaki. Nilipoinua macho, yule mama alikuwa ameinua mikono miwili, vidole vimesimama. Kumbe alikuwa anayahesabu kwa vidole wakati wote.

"Mara ya kwanza alikuwa wa mwisho," akasema. "Sasa iko wa sita. Kaka yangu anatembea ndani ya jiwe?"

Nikaangua kilio. "Haliko!" nikasema. "Jina yake haliko, koko, nisamehe, haliko!"

Koko aliketi kwenye simenti ya mihogo na uso wake ukaisha nguvu, nikaona jinsi atakavyoonekana siku akiwa katika mkeka. Nilitamani nimeze yale maneno. Mimi, mtoto niliyelala naye kitanda kimoja miaka yote, ndiye niliyemrudisha milimani.

Mama wa Lweba naye akaketi, upande wa pili. Akanyoosha miguu yake yenye vumbi. "Najua haliko," akasema. "Litakuwako namna gani? Karani alipita Lweba mbele ya kufika kwenu. Akaniuliza juu ya kaka yangu."

Koko akageuza kichwa. "Ulimwambia nini?"

"Iko Ubwari. Anavua samaki."

Walitazamana. Halafu koko akaanza kucheka, kicheko cha kukohoa, na yule mama asiyejua kucheka akacheka pia, bila sauti, mabega yanaruka. Niliwaona wamerukwa na akili. Mimi bado nalia, wao wanacheka, mbuzi anarudi.

"Basi ulikuja kufanya nini?" koko akamuuliza, anapangusa macho.

"Nilikuja kusikia kama utasema." Sasa hakuwa anacheka. "Miaka hii yote unanituma batu: uninyoe, uninyoe. Hata siku moja hujasema amekufa. Mimi nitanyoa mujane wa nani? Nikikunyoa na wewe hujasema, ni mimi namuua. Peke yangu. Kaka yangu aliniacha mutoto, alinibeba mugongoni. Mimi siwezi kumuua peke yangu, wifi."

Askari wa sokoni alipita na fimbo yake, akatuuliza tunafanya nini pale. "Tunapumzika," wakajibu wote wawili, kwa pamoja. Akapita.

Koko alingoja mpaka yule askari alipozunguka kona ya duka. Akakifungua kitambaa chake cha kichwa, akakiweka mapajani, na nywele zile zikamwagika. Kisha akasema. Hakulia, alisema kama mtu anayetaja bei ambayo haitapungua. "Bwana yangu alikufa. Alikufa ku njia, peke yake, na muzigo ya benyewe. Hakurudia. Hakukwenda Ubwari. Alikufa."

"Alikufa," yule mama akaitikia, na hapo sauti yake ndiyo iliyokatika.

Akamnyoa pale pale, mbele ya majina ya watu wengine. Nilileta maji katika kibuyu. Nywele nyeupe zilianguka kwenye simenti, nikaziokota zote kama nilivyoamriwa, tukazifukia chini ya jiwe, upande wa nyuma, usio na kitu. Koko alikuwa na kichwa kidogo! Sikujua. Alijipapasa, akasema, "Upepo," kwa mshangao. Halafu tukashuka ziwani na yule mama akamwosha, huku koko ametazama upande wa nchi, si upande wa Ubwari.

Walipomaliza, koko akanionyesha mimi kwa kidevu. "Na huyu?"

"Huyu ana nini?"

"Huyu ni muke mwenzangu. Tulimungoja pamoja."

Nilidhani ni utani. Mama wa Lweba hakuona utani. Alinitazama, akaufuta wembe pajani, akasema, "Kaa." Nikakaa ndani ya maji mpaka kiunoni, na akaninyoa mpaka ngozi, pole pole, akishika sikio langu kwa vidole viwili ili asinikate. Nililia tena, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Koko aliishi baada ya hapo msimu mmoja wa mihogo. Tulimzika Baraka, karibu na nyumba. Yule mama wa Lweba alikuja, akashika upande wa kichwa.

Lakini nilitaka kusema habari ya Jumatatu ile, baada ya kunyolewa. Sikuwa nimefika shuleni siku mbili. Wasichana wote tulikatwa nywele fupi kule, lakini wembe ni kitu kingine. Kichwa changu kilikuwa kinang'aa kwa mafuta ya mawese na wenzangu walikuwa wananong'ona. Masere, yule sista aliyetufundisha, akaniita mezani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kitabu cha kuandika wasiofika, kimefunguliwa, na kalamu mkononi.

"Mwanangu," akaniuliza, "nani amekufa kwenu?"

Nilikuwa nalijua jibu. Nilikuwa nimelisikia kwa masikio yangu, nimezifukia nywele zake kwa mikono yangu. Niliitazama ile kalamu.

"Hakuna mutu, masere," nikasema.

"Na nywele hizi?"

"Hakuna mutu. Koko yangu mwanaume iko Ubwari, anavua samaki."

Masere akaandika.